Harufu Ilikuwepo

Katika mtaa ule kila mtu alikuwa na pua, lakini iliyoheshimiwa ilikuwa moja tu. Zilizobaki zilikuwa za kupumulia na kupengea makamasi.

Mwenye pua hiyo alikuwa dobi, mjane mfupi mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji na ulimi usiokunjika kwa lolote. Watu walimwita Mama Pua, naye hakuchukia, maana jina hilo ndilo lililomlisha na kumlea mwanawe hadi akapata leseni ya kuendesha lori. Chumba chake cha kazi kilitazamana na barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, imevikwa blanketi lenye makovu ya moto. Uani kulikuwa na makarai, mapipa ya maji, na kamba za kuanikia zilizopishana kama mistari ya kiganja. Na karibu na mlango kulikuwa na kigoda. Ungeingia ukakikalia, ungeinuliwa kwa maneno kabla hujaweka uzito wote. Kigoda kile kilikuwa cha pua.

Sheria ya nyumba ilikuwa fupi: nguo haitoki mpaka inuswe. Ikishafuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi, ilipelekwa kigodani. Mama Pua alifumba macho, akaileta usoni, akavuta pumzi moja ndefu. Ikimridhisha, aliikunja. Isipomridhisha, aliitupa nyuma bila kugeuka, na shauri lako kama umesimama huko. Zilizofaulu alizifunga furushi kwa ukanda wa kitambaa, akapiga fundo lake la mkono wa kushoto, ambalo wateja walilifungua kwa meno na matusi madogomadogo.

Madobi waliofua weupe kumshinda walikuwapo, lakini wateja walikuja kwake kwa ajili ya pua. Waliwahi kumletea mashati ya ndugu wawili mapacha, yamechanganyika, rangi moja, kipimo kimoja. Akayanusa, akayatenga mafungu mawili, wala hakukosea hata moja.

"Huyu anapenda vitunguu," alisema. "Huyu anamwogopa mke wake."

"Woga nao una harufu, mama?" fundi viatu wa pale barazani alimuuliza.

"Unayo. Unanuka sabuni nyingi kuliko mwili unavyohitaji."

Fundi viatu, aliyekuwa ameoga mara mbili siku ile, akarudi kwenye benchi lake.

Basi, msimu mmoja wa baridi mafua yakapita mtaani. Mama Pua naye yakamlaza, akakohoa, akapona, akarudi kazini. Pua peke yake haikurudi.

Aliligundua jambo hilo asubuhi, alipoinua shati kavu akavuta pumzi. Kimya. Akavuta tena. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba waliyohama watu. Akaenda kwenye chupa ya mafuta ya taa, akaitia pua mdomoni mwa chupa kama mlevi. Kimya. Akaenda jikoni akakata kitunguu. Macho yakatoa machozi kama kawaida yao, pua ikakaa tu, kama mgeni asiyejua lugha. Akaketi sakafuni, kisu mkononi, akaogopa kuliko siku alipofiwa na mume. Bila mume alijua angeweza kuishi.

Hakumwambia mtu. Alingoja, labda mambo yatarudi. Hayakurudi. Naye, badala ya kujiambia, "Sisikii harufu," polepole akaanza kusema, "Hakuna harufu." Maneno hayo ni ya karibu, utadhani yamelala kitanda kimoja, lakini la kwanza lilimsema yeye na la pili liliisema dunia. Akachagua kuisema dunia, maana dunia haina mdomo wa kujibu.

Muuza sabuni, hata hivyo, alikuwa nao.

"Sabuni yako haina harufu siku hizi," Mama Pua alimwambia.

"Ni ileile, mama. Kiwanda kilekile."

"Basi umeitia maji."

"Sabuni ya kipande nitaitiaje maji?"

"Utajua wewe. Mwizi haulizwi njia."

Muuza sabuni akapanga vipande vyake kapuni akiapa, na mtaa mzima ukajua kwamba sabuni yake imechakachuliwa, kwa sababu Mama Pua amesema. Kwa muda wateja walimkimbia. Alikuwa kijana mwenye mama mgonjwa, lakini hilo Mama Pua alikuja kulifikiria baadaye, pale alipoanza kuyafikiria mambo mengi kwa pamoja.

Marashi nayo yalimwishia nguvu. Alijipaka tone shingoni, hakuona kitu. Akajipaka kiganja. Siku zile fundi viatu alihamisha benchi lake kutoka mbele ya mlango wa dobi akalipeleka mwisho kabisa wa baraza.

"Unatukimbia?" Mama Pua alimpigia kelele.

"Jua, mama. Linanichoma."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mama Pua akatikisa kichwa, akamhurumia kwamba uzee umeanza kumwingia akilini.

Kazi ya kunusa aliendelea nayo kwa ujanja. Katika nyumba ile alikuwamo mkamwana wake, mke wa yule mwanawe dereva; mwanamke mrefu, wa maneno machache, aliyefua na kuanika na kupiga pasi tangu aolewe, na ambaye Mama Pua hakuwahi kumsifu zaidi ya kusema, "Si mbaya." Sasa akamtumia pasipo mwenyewe kujua, au hivyo ndivyo alivyodhani. Aliinua shuka karibu na uso wa mkamwana, akajifanya kufumba macho, huku jicho moja limeachwa wazi kidogo kama mlango wa duka wakati wa sala. Mkamwana akikunja pua, Mama Pua alilitupa shuka nyuma. "Hili bado," alisema kwa sauti ya hakimu. Mkamwana asipokunja, shuka lilifaulu. Kwa namna hiyo mambo yakaenda, na Mama Pua akajisifu moyoni kwamba mwenye akili hahitaji pua.

Kisha msimu wa mvua ukaja wenyewe. Nguo zilikaa kambani mpaka zikachoka. Zilianikwa ndani, juu ya meza, juu ya viti, juu ya kila kisichokwenda, na uvundo, ile harufu ya nguo iliyokauka kwa kulazimishwa, ukaingia. Mkamwana akawa haonekani chumbani. Mchana kutwa alikuwa uani akihangaika na makarai na kuhamisha kamba. Mama Pua akabaki kigodani peke yake, bila uso wa kusoma. Alivuta pumzi kwenye shuka, akasikia hewa. Akakunja. Akafunga fundo.

Mteja mkubwa wa nyumba ile alikuwa nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Mashuka na foronya zao ndizo zilizolipa kodi ya chumba. Msimamizi wa pale alikuwa bwana mwembamba, nadhifu, mwenye kalamu mfukoni hata alipokuwa hana la kuandika. Wiki moja mkamwana alilazwa hospitalini na mtoto wake mwenye homa, na Mama Pua akafua kwa msaada wa jirani. Mwisho wa wiki hiyo msimamizi akaja na furushi kwapani, uso umemwiva.

"Mama, mgeni ametoka chumbani saa hiyohiyo ya kulala. Anasema amepewa shuka la maiti."

"Maiti gani?"

"Yananuka uvundo, mama. Yote haya."

Barabarani watu walikuwa wamesimama kukwepa mvua, na watu waliosimama bure huwa na masikio makubwa. Mama Pua akaliona hilo. Akalichukua shuka, akafumba macho, akauzika uso wake humo, akavuta ile pumzi yake iliyojulikana mitaa mitatu.

"Hakuna harufu hapa," akasema.

"Mama, hata mimi nina pua."

"Unayo, baba, nani amekunyima? Lakini yako ina mafua. Nenda ukajifukize, kisha uje tuzungumze."

Watu wakacheka. Msimamizi akatazama huku na huku, akaanza hata yeye kujinusa vidole, akiwa hana hakika tena. Akamnyooshea shuka fundi viatu aliyekuwa miongoni mwa watu wale. "Hebu wewe, ndugu." Fundi viatu akalipokea, akalinusa, akameza mate. Akamtazama Mama Pua kwa muda.

"Mimi nimezoea ngozi na gundi," alisema. "Msinitie kwenye kesi za watu."

Msimamizi akaondoka na mashuka yake na aibu isiyokuwa yake. Mama Pua akarudi kigodani akiwa ameshinda, na moyo unamdunda kama wa mtu aliyeiba.

Kuanzia hapo hakupata raha. Usingizini aliota mashuka. Mchana aliyakagua mafurushi mara mbilimbili, kwa macho, kwa vidole, kwa shavu, kwa kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa. Na katika kukagua huko akakuta jambo. Furushi alilolifunga jana jioni lilikuwa na fundo la mkono wa kulia.

Akalitazama lile fundo. Akatazama la pili. Nalo la kulia. Mtu amefungua. Mtu ameingiza mkono wake katika kazi iliyokwisha kupita puani mwake.

Alfajiri iliyofuata alijibanza nyuma ya blanketi lililoanikwa, akangoja huku magoti yakimlalamikia. Mlango wa uani ukafunguka. Mkamwana akaingia, kanga kiunoni, akawasha taa, akafungua furushi la kwanza. Akatoa shuka, akaliweka usoni. Akatoa la pili. La tatu akalitenga, na la nne, akayatosa kwenye karai la maji. Akachukua mengine kutoka kwenye rafu, akajaza pengo, akafunga. Fundo la kulia.

Mama Pua, nyuma ya blanketi, alisikia mwili wote unalegea kwa furaha. Tuseme ukweli, ilikuwa furaha. Kumbe ni huyu. Kumbe mashuka yanatoka kigodani mazima, kisha huyu anayachezea, anayatia maji, anabadilisha. Uvundo una mwenyewe, na mwenyewe si pua. Amemwona kwa macho yake mawili, nani atabisha? Hakujiuliza mtu anayetaka kuharibu shuka analinusa la nini. Swali hilo lilikuwapo palepale, limesimama kati ya taa na karai, naye akalipita kama anavyopitwa mtu anayedai.

Akangoja mashahidi wawepo. Mwanawe dereva alikuwa amerudi safarini usiku ule. Msimamizi angekuja asubuhi kuchukua furushi la wiki. Mvua ilikuwa imekatika, na fundi viatu, mwisho wa baraza, alikuwa na masikio kama kawaida.

"Bwana msimamizi," Mama Pua alianza, amesimama mlangoni, "wiki ile ulikuja hapa nikakwambia hakuna harufu. Nami sirudi nyuma. Mashuka yalipotoka mikononi mwangu hayakuwa na harufu. Lakini nyumba hii ina mkono wa pili."

Akamwita mkamwana. Akaja akifuta mikono kwenye kanga.

"Ni nani anayefungua mafurushi yangu alfajiri?"

Mkamwana akatazama fundo, akatazama sakafu. "Ni mimi, mama."

"Na ni nani anayeyatosa mashuka makavu kwenye maji?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Kuku wa jirani aliingia chumbani, akaona hali ya hewa, akatoka. Mkamwana alifungua mdomo, macho yake yakamwendea Mama Pua usoni, yakatua pale puani kwa muda mfupi sana, yakashuka. Akaufunga mdomo.

"Anataka kigoda," Mama Pua akasema, akiwageukia wengine. "Anataka niharibikiwe nikae pembeni. Sikuzaa binti, nikamfanya huyu binti, haya ndiyo malipo."

Dereva alikuwa mtu mzuri, lakini amezoea barabara iliyonyooka. Kona za nyumbani zilimshinda. Aibu mbele ya mteja ikampanda kichwani. "Mke wangu, sema basi kitu."

"Sina la kusema."

"Basi funga vitu vyako. Nitakupeleka kwa wazee wako ukapumzike mpaka mambo haya yaeleweke."

"Sawa," mkamwana akasema, na akaenda kufunga vitu vyake.

Msimamizi akajikohoza, akasema yeye alikuja kuchukua mashuka tu, hakutaka kuvunja nyumba ya mtu. Akachukua furushi akaondoka. Fundi viatu akapiga msumari kwenye kiatu ambacho hakikuhitaji msumari.

Saa sita, kazi ilikuwa imesimama. Mama Pua akaamua kupiga pasi mwenyewe, ili ionekane kwamba nyumba haiendeshwi na mtu mmoja. Akatandaza shuka, akaiwasha pasi, akasukuma mara mbili tatu. Kule nje mwanawe alikuwa anaweka begi kwenye baraza na kumvika mtoto viatu, na mtoto anauliza bibi anakuja au haji. Mama Pua akaiachia pasi pale ilipo, imelala kifudifudi, akaenda mlangoni kuchungulia. Akajikaza kisabuni. Alijiambia kwamba haumii. Alisimama pale, mgongo kwenye meza, akimtazama mjukuu anavyoingiza mguu wa kulia kwenye kiatu cha kushoto.

Nyuma yake mlango wa uani ukabamizwa. Mkamwana, ambaye alikuwa kule mwisho wa kamba akitoa nguo zake za mwisho, alipita kama upepo, akainyakua pasi. Mama Pua akageuka. Moshi ulikuwa umejaa chumba kizima. Katikati ya shuka palikuwa na tundu jeusi lenye umbo la pasi, na blanketi la chini lilikuwa limeshika moto mdogo ambao mkamwana aliuzima kwa viganja na maji ya kunyunyizia.

Walisimama wanatazamana, baina yao moshi.

"Samahani, mama," mkamwana akasema. "Niliisahau pasi."

Mkamwana hakuwa ameigusa pasi tangu asubuhi. Hata chumbani hakuwa ameingia tangu alipokwenda kufunga vitu vyake.

"Wewe ulikuwa wapi?" akauliza, sauti imepungua.

"Uani. Kwenye kamba ya mwisho."

"Umejuaje?"

"Nilisikia harufu, mama."

"Na mimi nilikuwa hapa."

"Ndiyo, mama."

"Hatua ngapi kutoka hapa mpaka mezani?"

Mkamwana hakuhesabu. Alikuwa anapuliza viganja vyake.

"Unajua," Mama Pua akasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipogombana na muuza sabuni."

Aibu huwa inampanda mtu usoni. Ya Mama Pua ilianza miguuni. Ilimfanya akikalie kigoda bila kupenda, na alipokwisha kukikalia akainuka upesi, kama aliyekalia cha mtu. Yakamjia yote kwa mkupuo, kama nguo zinavyodondoka kabatini ukifungua mlango vibaya. Yale makunyanzi ya pua ya mkamwana, alipokuwa akimwekea shuka karibu na uso: yalikuwa makubwa mno, ya kuigiza, kama unavyomkunjia mtoto uso ili aelewe. Hakuwa anaibiwa uso wake, alikuwa anautoa. Na alfajiri zile za karaini. Na wiki ile ya hospitali, wiki moja tu ambayo mafurushi hayakunuswa na mtu, na ndiyo wiki aliyolala mgeni kwenye shuka la maiti.

"Kila alfajiri?" akauliza.

"Wakati wa mvua tu. Kiangazi hayahitaji."

"Na asubuhi, mbele ya yule bwana na mume wako. Mbona hukusema?"

Mkamwana alifikiri. "Ningesema, halafu wewe ungekaa wapi, mama?"

Lau angetukana. Tusi Mama Pua angelidaka na kulirudisha likiwa na mkia. Hili lilimwingia na kukaa. Alitoka mlangoni akasimama barazani, na hapo akaona kwamba angeweza kuyamaliza hivihivi. Angemwambia mwanawe, "Hebu rudisha begi ndani, nimemsamehe." Neno tamu kweli, nimemsamehe. Angebaki mkubwa na mwenye huruma, na mkamwana asingesema kitu mpaka anazikwa. Alilionja neno lile mdomoni. Fundi viatu, kule mwisho, alikuwa anamtazama, nyundo imeinuliwa, haijashuka.

"Mwanangu," akamwita dereva. "Chukua yale mashuka yaliyobaki. Mkeo na aje. Tunakwenda nyumba ya wageni."

"Kufanya nini, mama? Kwani hayajaisha?"

"Ndiyo kwanza yanaanza."

Ukumbi wa nyumba ya wageni ulikuwa na viti vya kuegemea na wageni wanne walioshikilia magazeti. Mama Pua alitamani wangekuwa wamelala. Msimamizi akainuka nyuma ya meza yake, kalamu mfukoni, uso wa mtu anayetarajia kutukanwa upya.

"Mashuka yale yalinuka," Mama Pua akasema.

"Nini, mama?"

"Mashuka. Wiki ile. Nilisema hakuna harufu. Harufu ilikuwepo. Sikuisikia mimi."

Msimamizi akamtazama mkamwana, akidhani ndiye anayesemwa.

"Usimtazame huyu. Huyu ndiye aliyekuwa ananusa miezi yote hii, ukalaza wageni wako wakanenepa. Mimi pua yangu imekufa tangu mafua. Imekaa usoni kama pambo. Nilichokiona alfajiri ni mtu anayefuta makosa yangu, nami nikamwita mharibifu kwa sababu macho yaliona mikono, hayakuona kazi."

Gazeti moja likashuka. Dereva alisimama na mashuka mikononi, anamtazama mama yake, kisha mke wake, kisha mama yake, kama mtu aliyefika njia panda zilizoandikwa kwa herufi asizozijua.

"Wiki ile," msimamizi akasema taratibu, "uliniambia pua yangu ina mafua. Mbele za watu. Nilikwenda kujifukiza kweli, mama. Nilijifukiza siku mbili."

"Niwie radhi, baba. Nilikuwa naisema yangu, nikakosea uso."

Mgeni mmoja akacheka puani. Msimamizi hakucheka, lakini aliitoa ile kalamu mfukoni, akaigeuzageuza, akairudisha. "Furushi la kesho litanuswa na nani?"

Mama Pua akasogea pembeni ili mkamwana aonekane. Lilikuwa jambo dogo, hatua moja ya miguu, lakini lilimchukua muda.

Njiani kurudi, dereva alikuwa nyuma ya mke wake, anajaribu kumchukulia mzigo, naye hampi. Hilo lilikuwa deni lake mwenyewe. Mama Pua hakulitia mdomo. Walipofika barazani dereva aliingiza begi ndani bila kuambiwa, akabaki huko akilikunjua polepole, nguo moja moja, akikunja upya zile zilizokuwa zimekunjwa vizuri.

Alasiri, Mama Pua alikitoa kigoda vumbi kwa kanga. "Kaa."

"Mama, tutakaa zamu."

"Zamu ya pua gani? Kaa. Nami nitakunja, mikono haijafa. Fundo nitafunga mimi, hilo usiliguse, la kwako ni baya."

Mkamwana akakaa, amejikunja kama mgeni. Mama Pua akampa foronya ya kwanza. Akafumba macho, akavuta pumzi, akaikunja pua. Safari hii kidogo tu, kunyanzi la kweli. Lakini hakuitupa foronya nyuma. Aliishusha magotini.

"Bado?" Mama Pua akauliza.

"Foronya ni safi."

"Sasa unakunja nini?"

"Mama, nisikudanganye tena?"

"Leo umechagua siku."

"Ni wewe. Marashi. Ni mengi mno. Nikikaa karibu yako siwezi kunusa kitu kingine."

Mama Pua alisimama na mikono hewani. "Tangu lini?"

"Tangu mafua."

Polepole sana akageuza kichwa akatazama barabarani, mpaka mwisho kabisa wa baraza, kule lilikokwenda benchi la fundi viatu kulikimbia jua la siku ya mvua. Halafu akaenda uani, akajaza karai, akavua kanga ya mabegani, akajisugua shingo kwa sabuni ya yule kijana aliyemwita mwizi. Aliisugua mpaka ngozi ikawaka. Kipande kilikuwa kizuri, kigumu, chenye povu jingi. Alikileta usoni kwa mazoea, akavuta pumzi. Kimya.

"Inanukia nini?" akauliza kwa sauti, bila kugeuka.

"Limau," mkamwana akajibu kutoka kigodani.

Kesho yake, kabla ya kufungua chumba cha kazi, alikwenda kumtafuta muuza sabuni. Aliporudi, uso ukiwa bado umemshuka, alikuta benchi la fundi viatu limesogea; halijafika mahali pake pa zamani, lakini limevuka nusu ya baraza.

"Naona jua limepungua," akamwambia.

Fundi viatu aliinua kiatu, akakichungulia ndani kama mtu anayetafuta jibu humo.

"Kidogo, mama," alisema. "Linaendelea kupungua."